Injini ya Mjomba

Kihonda, Morogoro
12 Februari 2023

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri na kifua kimekuruhusu kulala. Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wako shule, na joto la Kihonda mwezi huu linatuchemsha sote kama njegere. Nimekutumia sukari, majani ya chai na betri za kile kifaa cha masikio, ingawa Luqmani wa lori ameniambia kwamba umekifungia kabatini kwa sababu kinakupigia mluzi. Basi, kwa kuwa wewe na simu mlishaachana, nitaendelea kuandika, na Luqmani ataendelea kuwa posta yetu. Barua zangu zitapanda na lori tupu, zako zitashuka na kabichi.

Sasa habari za mgonjwa wako. Datsun ilifika salama. Luqmani aliifunga kamba juu ya lori kama ng'ombe wa mnada, na pale Msamvu watu waliacha shughuli zao wakaanza kupiga picha. Wengine waliniuliza ni gari gani hili lenye pua ndefu. Nikawaambia ni gari la mbio la mwaka sabini na mbili, milango miwili, na baba yangu aliliendesha kwenye mashindano kabla mimi sijazaliwa. Kijana mmoja akaniuliza kama baba yangu bado yuko hai. Nikamwambia yuko hai na ni mbishi.

Juzi niliishusha injini nikaifungua mezani. Baba, uliiua ikafa kweli. Gasketi iliungua, maji yakaingia kwenye oili, injini ikanoki, kisha ukaiacha miaka yote hiyo juu ya mawe pale bandani kwako. Pistoni mbili zimeng'ang'ania silinda kama ukoko kwenye sufuria. Krenki ina mikwaruzo, silinda hedi imepinda. Bloku yenyewe ni nzima, na hilo ndilo la kushukuru.

Njia ni mbili. Ya kwanza, niitengeneze hii hii. Nichongeshe silinda, nitafute pistoni za saizi kubwa zaidi, ninyooshe hedi, na nisubiri vipuri ambavyo hakuna duka la Morogoro linalovijua hata kwa jina. Hiyo ni kazi ya karibu mwaka mzima, na nitaifanya jioni baada ya kazi za wateja. Ya pili, niweke injini nyingine. Vijana wangu wa gereji wanataka niweke ya Mark II, maana kwao kila ugonjwa dawa yake ni Mark II. Hiyo hata mimi siitaki. Lakini nyuma ya ghala moja hapa Kihonda kuna Datsun kubwa ya abiria iliyooza bodi, na injini yake ni ndugu wa hii, silinda sita vilevile. Ukiziweka pamoja, mtu asiyezijua hawezi kuzitofautisha. Imechoka kidogo, lakini inawaka. Nikiichukua hiyo, Pasaka gari liko barabarani.

Wewe ndiye mwenye gari, amua. Nikiulizwa kama fundi nitasema weka nyingine. Nikiulizwa kama mwanao, sijui.

Na kuna jambo nataka kulijua kabla sijachafua mikono mwaka mzima. Likishapona, gari hili litakuwa la nani? Nauliza kwa sababu kwenu lina wenyewe wengi, na mimi si mmoja wao.

Mwanao,
Cecilia


Nyandira, Mgeta
26 Februari 2023

Mwanangu Cecilia,

Milele amina, na marahaba. Kifua kipo, asubuhi kinanikohoza mpaka kuku wanakimbia, mchana kinatulia. Mvua huku bado ni za kuibia, lakini karoti zimeota vizuri. Sukari nimeipata. Betri nazo nimezipata, ila ni ndogo mno, hata tochi hazifai. Nakuletea njegere debe moja, usiwape vijana wako wa Mark II.

Injini usiibadilishe. Hilo nimeliamua hata kabla sijamaliza kusoma barua yako. Gari ni injini, vingine vyote ni bati na viti. Ukitoa injini ile ukaweka ya kuokota nyuma ya ghala, utakuwa umeniletea gari la mtu mwingine lililovaa nguo za gari langu.

Unajua lilivyonifikia, lakini nitalisema tena ili tuelewane. Mjomba alikuwa fundi wa magari kwenye shamba la mkonge kule Kingolwira. Meneja wake, Mgiriki, alipoondoka nchini alimwachia gari hili kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuliamsha asubuhi. Mjomba alikuwa fundi, mimi nikawa dereva wake. Tulikimbia Kilosa, tulikimbia Dodoma, tulikimbia mpaka masikio yangu yakaisha. Alipofariki, ukoo uliniita mimi, mtoto wa dada yake, nikakabidhiwa funguo mbele ya watu. Watoto aliowazaa walisimama pembeni wakiangalia. Ndivyo tulivyo sisi Waluguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kitu cha mwanaume kinamwendea mpwa wake. Sikufundishi, hayo unayajua tangu utotoni.

Kwa taratibu hizo, gari hili likitoka kwangu linakwenda kwa Deogratias, mtoto wa shangazi yako Rehema. Nami nimelifikiria sana jambo hilo. Deogratias ni kijana mzuri, ananisalimia vizuri, ananiletea dawa. Lakini hajui hata boneti ya gari hili inafungukia upande gani. Wewe ulikuwa unanishikia spana ukiwa na meno ya maziwa.

Kwa hiyo nasema hivi. Itengeneze injini ile ile, na gari ni lako. Nimeandika kwa mkono wangu, na nitasema kwa mdomo wangu mbele ya ukoo.

Wasalimie wajukuu. Yule mdogo mwambie babu ana fyulisi zake, ameziweka.

Baba yako,
Fransisko


Kihonda, Morogoro
14 Mei 2023

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nasikia masika imewakatia barabara tena pale juu ya Langali, kwa hiyo sijui barua hii itapanda lini. Unaendeleaje? Luqmani aliniambia alikukuta umelala mchana, na wewe si mtu wa kulala mchana. Niambie ukweli. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma, na kucha zangu sasa hata kanisani zinanitia aibu.

Kazi inakwenda. Bloku imeshachongwa, silinda zote sita zinang'aa mpaka unaweza kujitazama ndani. Pistoni nimezipata kwa mzee mmoja wa Dar es Salaam aliyezificha kwenye makaratasi yake ya nta tangu enzi hizo. Hakutaka kuziuza mpaka nilipomwambia zinakwenda kwenye gari gani. Akaniuliza kama dereva wake ni yule Mluguru mfupi asiyekanyaga breki. Baba, mtu huyo anakukumbuka.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nimefungua injini nyingi, lakini hii ndiyo ya kwanza ninayoifunga taratibu kwa makusudi, isiishe haraka. Nikiwa nayo najiona niko bandani kwako tena, nimekaa juu ya debe, unaninyooshea mkono bila kugeuka nami najua unataka spana gani. Nilikuwa na wasiwasi kama kazi hii ni yako au ni yangu. Sasa naona ni yangu.

Ndiyo maana nimekasirika. Deogratias alikuja hapa wiki iliyopita. Alinisalimia vizuri, hilo ni kweli. Kisha akaingia ndani ya gari lisilo na injini wala kiti cha abiria, akashika usukani, akapigwa picha na rafiki yake, na jioni picha ikawa kwenye simu za watu wote ikiwa na maneno "Gari la Mjomba, linakuja." Mimi kwenye picha naonekana nyuma, kiatu tu, nimelala chini ya gari.

Kwa hiyo nakuomba moja kati ya mambo mawili. Kama kweli utasema mbele ya ukoo, sema mapema, shangazi Rehema akiwepo, usisubiri mpaka uwe kitandani. Na kama unaona itakuwa ngumu, basi niruhusu niweke ile injini nyingine, niliyoipata mwenyewe, ili siku wakija kudai, gari lisiwe lile lile aliloacha mjomba wako. Moyo wake utakuwa wangu, na mzee gani atasema vinginevyo? Hii yako nitaimaliza na kuitunza. Fikiria.

Mwanao,
Cecilia


Nyandira, Mgeta
11 Juni 2023

Mwanangu,

Marahaba. Ni kweli nililala mchana, lakini ni baridi tu, huku ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria. Usiwe na hofu.

Injini nyingine hapana. Ukiiweka, watu watasema gari la mjomba lilifia mikononi mwa Fransisko, naye akawaficha kwa kuweka la bandia. Sitaki hayo yasemwe nikiwa hai, na nikifa ndiyo kabisa. Endelea na ile ile, usibadilishe chochote ambacho si lazima.

Kikao cha lukolo ni Julai, kwa shangazi yako. Ukoo wote utakuwepo. Wewe hutaitwa, unajua kwa nini, wewe ni wa ukoo wa mama yako. Lakini mimi nitakuwepo, na nitasema. Niliahidi.

Huyo mzee wa pistoni mwambie breki nilikuwa nakanyaga, ila yeye hakuwepo.

Baba yako,
Fransisko


Kihonda, Morogoro
3 Septemba 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nasema natumaini kwa sababu tangu Juni sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako, na kila nikimuuliza Luqmani ananiambia umesema barua bado hujaimaliza. Amepanda na kushuka lori hilo Julai nzima na Agosti nzima. Barua gani hiyo isiyoisha?

Jana Deogratias alikuja tena. Safari hii hakuja na rafiki wa picha, alikuja na wazee wawili wa kwenu waliovaa makoti. Niliwapa viti, nikawapa soda. Mmoja akazunguka gari, akaligonga bodi kwa fimbo, akaniuliza litakuwa tayari lini ili ukoo ulichukue. Nilidhani sikusikia vizuri, nikafikiri labda nimeanza kurithi masikio yako. Nikamuuliza Deogratias. Akaangalia chini, akasema, "Dada, kwani mjomba hajakuambia? Mbona tulishamaliza tangu Julai."

Walikuwa na heshima zao. Walinishukuru kwa kazi. Mzee yule wa fimbo akasema injini isiguswe, gari litoke kama lilivyoingia, kwa sababu ni kitu cha ukoo.

Sitaandika mengi. Nina swali moja, na nataka ulijibu kwa mkono wako, si kwa mdomo wa Luqmani. Ulisema au hukusema?

Mwanao,
Cecilia


Nyandira, Mgeta
8 Oktoba 2023

Mwanangu Cecilia,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu zako nimezipata, ingawa hazikuwa na joto. Kifua kimenisumbua sana tangu Agosti, nilikwenda misheni, nikachomwa sindano. Sasa naweza kukaa nje kidogo kunapokuwa na jua.

Umeniuliza swali, nitalijibu, lakini ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Tulikaa uani kwa shangazi yako. Ukungu ulikuwa mzito, watu wa nyuma sikuwaona nyuso. Unajua sisikii. Kwa hiyo walimweka Deogratias pembeni yangu awe ananirudishia maneno sikioni. Sikupanga mimi. Nilipofika nilimkuta ameshakaa.

Walianza na mashamba, hayo hayakuwa na shida. Walipofika kwenye gari, mzee wetu mkubwa akaniuliza kama hili ni gari alilotuachia mjomba. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama liko zima au nimelibadilisha. Nikasema binti yangu analitengeneza, bodi ni ile ile na injini ni ile ile, hatujagusa kitu kwa kubadilisha. Nilisema hivyo kwa fahari, Cecilia. Nilitaka wajue kwamba sikukipoteza kitu cha mjomba. Wakaitikia wote kwa vichwa. Kisha mzee akasema basi, kama kitu ni kile kile, njia yake ni ile ile, hakuna la kujadili.

Hapo nikasimama. Maneno nilikuwa nayo, niliyapanga usiku na mchana. Shangazi yako akaanza kulia. Deogratias akanirudishia anachosema mama yake, kwamba kaka yake aliyenyonya naye ziwa moja anataka kuhamisha vitu vya nyumba yetu avipeleke kwa watu wengine. Shangazi yako akaniuliza nani alinizuia kuwapa watoto wa mjomba funguo siku niliyokabidhiwa. Watu wote wakanitazama. Miguu ikaniishia nguvu, nikakaa.

Baada ya hapo walisema mengi, sikuyasikia.

Mwanangu, wewe Mungu amekupa gereji, watu wanakuja kwako wenyewe. Deogratias hana alichoshika. Maliza kazi uwape. Najua itakuuma kidogo, lakini mimi na wewe tunajua nani aliyeitengeneza, na hilo hakuna wa kulichukua.

Baba yako,
Fransisko


Kihonda, Morogoro
5 Novemba 2023

Baba,

Shikamoo. Pole kwa sindano. Dawa nilizokutumia ni za kifua, si za kumpa jirani.

Barua yako nimeisoma. Ulisimama, ukakaa. Ungeniandikia maneno hayo mawili tu Julai ile ile, ningeokoa miezi miwili ya kulala chini ya gari la watu.

Unasema hukuyasikia waliyosema baadaye. Baba, padre akihubiri unajua amesema nini kwa kumtazama midomo. Wateja wa kabichi wakikupunja, unasikia. Masikio yako yanakufa pale yanapotakiwa kufa.

Na hao "watu wengine" shangazi aliowalilia machozi, ni mimi. Ni mimi niliyekupikia uji mama alipofariki. Ni mimi ninayekuandikia barua. Deogratias alikurudishia neno hilo sikioni nawe ukalipokea ukakaa nalo, hukumwambia shangazi kwamba watu wengine wana jina.

Nilikuomba niweke injini nyingine. Nilikwambia kabisa kwa nini. Ukakataa, nikadhani unakataa kwa mapenzi ya gari. Kumbe ulikuwa unaogopa wasije wakasema umepoteza kitu cha mjomba. Nimekaa karibu mwaka mzima nakirudishia kitu chao uzima, silinda kwa silinda, na kadiri nilivyokitengeneza vizuri ndivyo kilivyozidi kuwa chao. Ningekuwa fundi mbaya leo ningekuwa na gari. Nawacheka wateja wangu wanaoibiwa na madalali, kumbe mimi ndiye mjinga mkubwa wa Kihonda.

Usinitulize kwamba mimi na wewe tunajua nani aliyeitengeneza. Mimi na wewe tulijua tangu mwanzo. Niliomba wengine wajue.

Waambie waje katikati ya Desemba. Gari watalipata, na litawaka.

Mwanao,
Cecilia


Kihonda, Morogoro
17 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo. Gari limeondoka leo. Breki nimefunga mpya, taa zinawaka, rangi sikugusa. Deogratias alikuwa na haraka, hakufungua boneti. Nilimpa funguo mkononi, hakukuwa na watu wa kushuhudia isipokuwa vijana wangu, na wao walikataa kuaga.

Krismasi njema.

Mwanao,
Cecilia


Nyandira, Mgeta
14 Januari 2024

Mwanangu Cecilia,

Tumsifu Yesu Kristo. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wajukuu. Mimi nipo, ila nimekonda, suruali zangu sasa nafunga kwa kamba. Daktari wa misheni amesema nisikae kwenye baridi, kana kwamba huku kuna mahali pengine pa kukaa.

Gari lilifika Krismasi. Sikudhani litafika, maana tumbo lake liko chini na barabara unaijua, lakini vijana walilisukuma kwenye mawe na sehemu nyingine wakalibeba kabisa. Watu walijaa. Shangazi yako alivaa kitenge kipya. Wakanitoa ndani na blanketi langu, wakaniweka kiti cha mbele, Deogratias akaendesha mpaka kanisani na kurudi.

Sisikii, lakini injini ile naijua kwa mgongo. Miaka yote niliendesha nikiisikiliza kwa mifupa. Tulipoanza kupanda kile kilima cha kanisa nilingoja initikise pale chini ya kiuno, ninapopajua. Mtikisiko haukuja. Gari lilipanda, halikukosea, lakini lilipanda kama gari la mtu yeyote.

Tuliporudi nikaomba boneti ifunguliwe. Walihangaika nayo, nikawaonyesha. Nikapeleka mkono chini upande wa kushoto, kwenye sikio la bloku linaloshikilia injini, pale lilipokatika tukiwa Dumila nikalichomelea mwenyewe vibaya, likabaki na kovu kubwa. Nikapapasa. Palikuwa laini.

Deogratias aliona mkono wangu umesimama. Akainama, akaniuliza sikioni, na wote walikuwa wakitazama, mama yake, wazee, yule wa fimbo. "Mjomba, kuna tatizo? Injini si ndiyo yenyewe?"

Nikasema ndiyo yenyewe. Nikasema kwa sauti ili wa nyuma wasikie. Nikasema binti yangu ameifanya kazi vizuri kuliko ilivyokuwa siku mjomba aliponipa. Wakapiga makofi, shangazi yako akapiga vigelegele.

Sikuwahi kudanganya mbele ya ukoo wangu, na sasa nimefanya hivyo kwa ajili yako. Ningesema neno moja tu, wangeshuka wote Kihonda. Nimekusitiri, mwanangu, na sitamwambia mtu mpaka naingia kaburini. Nadhani kwa hilo tunaweza kusameheana.

Lakini nimejua unayo. Usiku silali nikiifikiria. Luqmani amesema atanishusha Jumamosi na lori la karoti, atanipa nafasi mbele na blanketi. Nitafika kwako asubuhi. Sitaki kitu, hata chai. Nataka uiwashe tu, niiwekee mkono, kisha nirudi.

Baba yako anayekupenda,
Fransisko


Kihonda, Morogoro
17 Januari 2024

Mzee Fransisko,

Shikamoo. Nasikitika kusikia umekonda. Dawa mpya ya kifua nimempa Luqmani pamoja na barua hii, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula. Nimeweka na sweta.

Ndiyo, ninayo. Iko hapa kwenye stendi ya chuma niliyoichomelea mwenyewe, na kovu lake liko palepale. Hiyo iliyopanda kwenu niliitoa nyuma ya ghala. Injini yako niliimaliza Novemba. Naiwasha asubuhi kabla vijana hawajafika, inashika mara ya kwanza, inaunguruma mpaka spana zinatembea mezani. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na haina gari.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, hasa pale Deogratias alipokuuliza. Shangazi alikuwepo. Wazee walikuwepo. Wote walikuwa wanakutazama, na miguu haikukuishia nguvu. Ulifungua mdomo ukasema kwa sauti mpaka wa nyuma wakasikia. Kwa hiyo uwezo huo unao. Julai pia ulikuwa nao. Na Julai sikukuomba udanganye, nilikuomba useme kweli.

Unasema umenisitiri. Ungesema injini siyo, ungewaambia pia kwamba kitu cha mjomba kimekutoka mikononi. Sijui ulimsitiri nani. Labda wote wawili, lakini mimi nimechoka kuwa wa pili kwenye mambo yako.

Luqmani nimeshamwambia. Jumamosi usishuke, gereji itakuwa imefungwa.

Cecilia,
Fundi